Maziwa Mgando ya Safari

Wageni kutoka India hawakuigusa chai. Vikombe vilibaki pale pale Roza alipoviweka, na mwenye nyumba, Ratilal, akajua kuwa wamekisoma kitabu chake vizuri mno.

Ndiye aliyeandika kwamba Mhindu wa kweli hali chakula cha mkono wa mtu baki, na kwamba taifa humwingia mtoto kwa maziwa ya mama. Hotuba zake, alizojirekodi kwa simu nyuma ya duka lake la vitambaa huko Miyomboni, Iringa, zilisikilizwa India na maelfu ya watu. Sasa chama chao kilimtaka akakiongoze. Tiketi ilikuwa tayari. Yalibaki maswali machache tu kuhusu maisha yake, maana wapinzani wangechimba. Miaka arobaini alikuwa ameisubiri siku hii.

"Na mama yako?" mgeni mwenye daftari aliuliza kwa Kigujarati.

Ratilal alionyesha ukutani, kwenye picha ya mwanamke aliyevaa sari, iliyovishwa shada la maua. Akasema alifariki zamani, na majivu yake yakapelekwa India, kwenye mto mtakatifu wa Ganga. Mgeni akaandika, akainamisha kichwa kwa heshima.

Wakasimama kuondoka. Roza akatoka jikoni akichechemea, bakuli mkononi. Yalikuwa maziwa mgando na sukari, ya kulamba kijiko kimoja cha baraka kabla ya safari. Mila hiyo alifundishwa na marehemu baba yake Ratilal, pamoja na Kigujarati, alichokielewa vizuri. Hata akienda Mbeya tu kufuata mzigo, Ratilal hakuvuka kizingiti bila kulamba.

"Rudisha jikoni, Roza," Ratilal alisema, na jina likamkwama kidogo mdomoni.

Mgeni aliuliza kama mtumishi yule ni wa siku nyingi. Ratilal akajibu kuwa alimkuta hapo alipozaliwa.

Gari likashika njia ya uwanja wa ndege wa Nduli. Roza alijua kuwa hatamwona tena. Alisimama barazani na bakuli lake, machozi yakimtoka, mpaka vumbi likatulia.

Shufaa, jirani mwenye duka la pili, akaja kumshika mkono.

"Mwanao amekuaga lakini, Bibi?"

"Hapana," Roza alisema. "Majivu yangu yalishapelekwa Ganga."