Betri Mbili za Kufika Sirisia

Saa nane mchana, mzee alipoanza kukoroma, Kigen alitoka jikoni akinyata, waya wa stima shingoni kama kamba ya ng'ombe wa mnada. Akafungua kisanduku cha ubavuni mwa gari, akabana kichwa chekundu, akabana cheusi, akawasha chaja. Betri zilisoma volti kumi na moja nukta nane. Zilikuwa karibu kuzimia.

Gari lenyewe lilikuwa nyumba: kitanda, jiko, choo na friji, vyote juu ya magurudumu. Watalii wawili walimwachia Kigen pale Kitale alilinde mpaka warudi, na amri ilikuwa moja tu: zile betri za ndani, zinazolisha taa na friji, zisishuke chini ya nusu, maana zikizoea kushuka hufa. Tangu Januari Kigen alizichaji kila wiki, akizipima na kuziongezea maji, kama mtu aliyeachiwa mapacha wa watu.

Sasa mapacha hao ndio waliokuwa wakimlea baba yake.

Mzee Kimaiyo alikuwa kipofu mwaka wa tano, na kifua kimemshinda. Bila mashine ya oksijeni hangemaliza siku. Boma la baba yake la Kitale, lenye nyumba ya mawe walimoishi wote, halikumsumbua Kigen. Yeye ndiye mtoto wa kiume pekee, amezaliwa humo, ni nani angemuuliza? Kilichomnyima usingizi ni ekari sita za Sirisia. Kila alipoulizwa ni za nani, mzee alijibu kama alivyojibu baba yake mwenyewe zamani: ardhi haigawiwi kwa mbali. Mpaka mtu aikalie, aikanyage kwa miguu mitupu, ndipo aseme mbele ya wazee. Na akishasema, imekwisha.

Shida ni kwamba Sirisia kulikuwa na Rosaline, dada yake Kigen, aliyeachana na mumewe akarudi kulima shamba hilo na kupalilia kaburi la mama yao. Mzee akifika kule akaisikia sauti yake tu, Kigen atabaki mtazamaji.

Basi akampakia baba yake kwenye gari, akamwambia safari imeiva. Akazunguka njia za mashamba ya mahindi saa tatu nzima, akitaja vituo kama kondakta: hapa Kamukuywa, hapa Kimilili, sasa Chwele, mzee, shikilia, kuna kona. Kisha akarudi kwake kinyumenyume na kuegesha nyuma ya jiko, penye migomba. Mkewe, Chepkemei, akaja mbio kuwakaribisha Sirisia kwa sauti ya jirani wa Bungoma, kila l ikigeuka r, hata Kigen akalazimika kujifungia chooni acheke. Rosaline, wakamwambia mzee, alikuwa amesafiri wiki hiyo.

Shamba la Sirisia halina stima, na mzee alilijua hilo. Kwa hiyo mashine ililishwa na betri, na betri zililishwa kwa wizi, mzee akilala. Naye mzee alizinywa kama maziwa ya mursik. Alitaka birika la umeme lichemshe chai mara tano kwa siku. Alitaka taa ziwashwe zote, ati anasikia joto la mwangaza usoni.

"Si zitaisha, baba?"

"Wacha ziishe, kijana wangu. Si tuko safarini?"

Siku ya pili aliomba apelekwe kwenye kaburi la mkewe. Kigen akamshika mkono mpaka kwenye tuta la udongo uliotolewa kwenye shimo la choo kipya. Mzee akapiga magoti. Akalipapasa tuta lile toka mwanzo hadi mwisho, akaomba msamaha wa miaka arobaini, machozi yakidondokea udongo. Chepkemei alikuwa pembeni na simu, anarekodi, amejiziba mdomo.

Jioni hiyo mzee aliuliza ni nini huwa kinanguruma ubavuni mwa gari.

"Nyuki, baba."

"Nyuki wa Sirisia wana bidii, bana," mzee akasema. "Lakini wanaingia kazini saa nane."

Kigen alimsimulia mkewe, wakacheka mpaka wakashikana. Kichwa cha mzee nacho, alisema, kimeshuka chini ya nusu.

Siku ya tatu mzee akatangaza kwamba yuko tayari. Kigen akaleta wazee wawili wa ukoo na naibu chifu. Aliwaeleza langoni kwamba baba hawezi tena safari ya kweli, wamemwacha aamini amefika, ni huruma tu. Basi akisema shamba hili, waandike Sirisia. Wazee wakamsifu kwa utu wake. Betri alikuwa amezijaza mpaka kumi na mbili nukta saba, mzee asije akakata pumzi katikati ya neno.

Kimaiyo akakalishwa kwenye ngazi ya gari, mrija wa oksijeni puani, miguu mitupu kwenye nyasi. Akauliza kama naibu chifu ana kalamu. Akaambiwa anayo.

"Shamba la Sirisia lilipata mwenyewe zamani," akasema polepole. "Nilimwandikia Rosaline kabla macho hayajafa. Hati anayo yeye." Akavuta pumzi. "Hili la Kitale ndilo lililobaki, na miaka mitano nimengoja mtu aniitie wazee. Sasa nimelikalia. Andika: hili nalo ni la Rosaline, pamoja na nyumba ya mawe."

Kalamu ilisimama.

"Na Kigen, mzee?" naibu chifu akauliza.

Kimaiyo aligeuza uso taratibu, mpaka ukafika pale pale aliposimama mwanawe.

"Kigen atafute kwingine pa kuchomeka waya."