Ngeli za Abdulatifu

"Huyu wa zamani simwachi, kaka. Nimetoka naye mbali. Ila amechoka, na mambo mapya hayawezi. Nimeamua kuongeza mwingine."

Biasha alikuwa nje ya mlango wa nyuma wa steshenari, hotpoti la makande mkononi. Sauti ilikuwa ya Abdulatifu, mumewe, akinong'ona kwenye simu. Damu ikamchemka.

Huyo "mwingine" hakuhitaji kutajiwa jina. Angekuwa nani kama si Zuhra, mjane wa ng'ambo ya barabara, mwenye steshenari yake na kompyuta ya kisasa? Kila faili lililokataa kufunguka kwenye kompyuta kuukuu ya Abdulatifu, Abdulatifu alilitia kwenye flashi akavuka nalo hadi kwa Zuhra. Na siku hizi yalikataa mengi. Alikuwa akirudi anatabasamu, na tabasamu lile lilimchoma Biasha kuliko tusi. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na gauni za Biasha zilikuwa zimeanza kumpwaya.

Wakati wa posa alitoa sharti moja tu: Abdulatifu asioe mke wa pili mpaka yeye mwenyewe atamke kwamba ameridhia. Abdulatifu akaapa. Ni mtu mtaratibu, na kiapo kwake si mchezo.

Biasha akausukuma mlango. "Huyo mwingine ni nani?"

Simu nusura imponyoke Abdulatifu. Biasha akampita kwa bega, akaingia dukani kumsaka Zuhra. Hakumkuta. Alimkuta Egidi, fundi kompyuta, amepiga magoti sakafuni, ameifungua ile kuukuu matumbo yote nje.

"Shikamoo, mwalimu. Naangalia kama tuipige Windozi mpya," Egidi akasema. "Hii iliyomo wenyewe wameacha kuihudumia, ndiyo maana mafaili yanakataa. Lakini mashine imezeeka. Tukiilazimisha, inaweza isiwake tena. Mimi ningewashauri muiache na kazi zake nyepesi, mtafute mpya muiweke pembeni."

Biasha akaitazama kompyuta. Akamtazama mumewe. Kisha akacheka mpaka akaliweka hotpoti chini.

Yeye ni mwalimu wa Kiswahili, na katika miaka yote ya ndoa yao jambo moja lilimshinda: ngeli za mumewe. Abdulatifu alikulia Nakapanya, akiongea Kiyao. Kiswahili alikutana nacho darasani na hawakupatana. Kwake chai "amepoa", mlango "hataki kufunga", pikipiki "anaumwa". Kumbe na kompyuta naye amechoka!

"Sema nyingine, mume wangu, si mwingine. Hii ya zamani siiachi. Haya, sema."

"Hii ya zamani siiachi," Abdulatifu akarudia polepole, macho chini.

"Sasa ulikuwa unanong'ona nini?"

"Niliogopa utakataa."

"Nikatae nini? Dunia nzima ina mpya, sisi tu tumeng'ang'ania makorokoro!"

Aibu ilikuwa imemshika, na alipoona aibu hana pa kuiweka, aliigeuza ukarimu. Tena aliona na faida yake. Mpya ikija, safari za ng'ambo zimekufa. Zuhra atabaki kupepea inzi.

Abdulatifu akainua macho. "Kwa hiyo unaniruhusu nilete mpya?"

"Lete, tena upesi. Ila ya zamani usiitupe. Zikae zote mbili."

"Umeridhia kweli, mke wangu?"

"Nimeridhia kwa moyo mweupe. Egidi shahidi."

Egidi akaitikia kwa kichwa, bisibisi mdomoni.

"Basi alhamdulillahi," Abdulatifu akasema, na bega lake likashuka kama lililotuliwa gunia. "Kaka Daimu amenitafutia huko huko nyumbani, Nakapanya."

"Nakapanya! Wenzio wanafuata Dar es Salaam." Biasha akacheka tena. "Haya, mradi iwe nzima."

Wiki hiyo Biasha alikuwa na raha ambayo hakuwa nayo tangu mjane yule afungue duka. Alidarizi kitambaa cha kuifunika mpya isiingie vumbi. Walimu wenzake walisikia habari zake mpaka wakachoka. Na siku moja alijipitisha makusudi mbele ya duka la Zuhra, khanga mpya kiunoni.

"Jirani, na sisi mpya inakuja Jumapili."

Zuhra akaacha alichokuwa akichapa. "Mumeo aliniambia. Hongera, mwenzangu, una roho kubwa. Mimi nisingeweza."

Biasha akaondoka akitabasamu. Alijua fika kwamba wivu umehama, umevuka barabara.

Jumapili, Abdulatifu alisema mpya itafikia nyumbani kwanza. Biasha hakuuliza kwa nini. Alipika pilau, akafagia uwanja, na bajaji iliposimama mlangoni alitoka mbio, kitambaa chake begani. Abdulatifu akateremka, kanzu imenyooka, akainama tena ndani ya bajaji akanyoosha mikono yote miwili.

"Polepole," Biasha akampigia kelele, "usiiangushe!"

Mwanamke kijana mwenye hina hadi viwikoni akashuka, akaja mpaka alipo Biasha, akapiga goti.

"Shikamoo, bi mkubwa."