Paka na Mchanga wa Kurudi

Kula yamini kwanza kuwa hili halitoki mdomoni mwako. Umeapa? Basi sikiliza, na jirani naye asogee.

Wanyama walishindana mbio za ufukweni, kwenda hadi mwambani na kurudi. Mshindi angelala jikoni masika yote, na Bata, mwenye mayai ya kuatamia, aliitaka mno nafasi hiyo. Kama desturi yao, walijipaka mafuta ya nazi usoni, wakatoka mbio. Kwenda, upepo uliwasukuma mgongoni. Kurudi, ukawamwagia mchanga usoni.

Paka akafika wa kwanza, uso unang'aa. Bata akaja nyuma yake, mchanga umemganda kama kitumbua kilichoanguka chini.

"Bwana Paka, upepo wa kurudi ulikupitia wapi?"

"Nilifumba macho, bibie."

"Na mchanga nao ukafumba?"

Wenzao wakaangua kicheko. Punda, mwamuzi, akataka kuutazama uso ule kwa karibu. Paka akasema amebanwa na haja, akachopoka hadi nyuma ya kichaka. Bata akamfuata polepole, wote nyuma yake, akayafunua majani. Paka huyo, kachuchumaa, anajisugua mchanga mashavuni kwa mikono miwili.