Kovu la Bibi Harusi

"Huyu siye," mama alisema, akinirudishia picha.

Nilidhani ni msiba unamchanganya. Binti yake, niliyempiga picha za harusi miezi mitatu tu iliyopita, alikuwa anazikwa kesho, na picha hiyo ndiyo ingewekwa juu ya jeneza.

"Ndiye, mama. Hebu angalia shela."

"Kovu lake la tetekuwanga liko wapi?"

Mabibi harusi wote huwa nawasafisha nyuso. Ndiyo sifa ya studio yangu. Chunusi, makovu, yote nafuta, kisha picha za mwanzo nazitupa ili kompyuta isijae. Hakuna aliyewahi kulalamika.

"Naweza kulirudisha," nikasema, nikamvutia kiti karibu na skrini. "Nionyeshe tu lilipokuwa."

"Nitasahauje? Nimelibusu tangu ana miaka minne."

Akanyoosha kidole kwenye shavu la kushoto. Akakiondoa, akakipeleka kwenye la kulia. Akajigusa shavu lake mwenyewe, kisha akaitazama tena skrini, kidole kikiwa bado hewani.

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema. "Ngoja. Usiguse kitu."