Ukaguzi wa Pamoja

Nguchiro alikuwa na watoto wanne wachanga ndani ya kichuguu, na kichuguu kilikuwa na ufa, na kila mvua ikinyesha ufa unapanuka, jamani, hata usingizi hapati. Akakimbilia kwa Kobe, mwenyekiti wa kijiji.

"Mzee, nyumba itatuangukia!"

"Bado haijaanguka," Kobe akasema kutoka ndani ya gamba lake. "Sisi tunasaidia wasio na makazi. Wewe unayo. Nenda wilayani."

Wilayani, Ngiri akaipiga mhuri barua yake ya kuomba msaada, akamtuma makao makuu. Makao makuu, Kiboko akamrudisha kwa Kobe. Alikwenda na kurudi mpaka wenyewe wakaona aibu, wakatangaza ushirikiano wa ngazi zote tatu: watakuja kuukagua ufa kwa pamoja.

Nguchiro alifurahi mno, akawatoa watoto nje wawaamkie wageni. Kobe akapanda juu ya kichuguu. Ngiri akapanda.

"Mbona siuoni vizuri?" akasema Kiboko, naye akapanda, akakaa.

Kichuguu kikaporomoka chote, puu!

Nguchiro akawakumbatia wanawe, akawahesabu mara mbili.

"Hongera, mama!" akasema Ngiri, akimpa fomu. "Sasa una sifa zote. Jaza hapo unapoishi, usipaache wazi, maana tutakurudishia."

Nguchiro akaitazama fomu, kisha akamtazama Kiboko, ambaye alikuwa bado amekaa juu ya kifusi.

"Niandikeje, mheshimiwa?" akauliza. "Ninapoishi ndipo hapo ulipokalia."