Anza na Langu

Yunusi alichomoa waya, picha ikapotea ukutani, na ofisi ya kijiji cha Kinole ikajaa kelele.

"Rudisha huo waya!" Dk. Sabra alifoka. "Una wazimu?"

"Wazimu unao wewe na mtambo wako. Umetukuta tunaishi vizuri tu. Nani alikuita?"

Loo! Na wageni wa chuo wameketi mstari wa mbele, ndio watakaoamua kama Sabra anastahili uprofesa. Miaka yote amehubiri kwamba kompyuta ikae meza moja na sheria na mila, imsikilize mkulima. Leo ndiyo siku ya kuonyesha, na anayevuruga ni nani? Mtoto wa shangazi yake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wazee wa kijiji walikuwa wamesimulia mila zao za ardhi na nasaba za koo zao kwenye simu, kwa Kiluguru, na wanafunzi wa Sabra wakazilisha kwenye mtambo. Ukiutajia shamba, unazipima mila hizo na kutamka mwenye haki. Kijiji kizima kilishaapa: kitakachotoka ndicho hicho. Sharti hilo Sabra ndiye aliyeling'ang'ania.

"Sikutia neno langu hata moja," alikuwa amewaambia wageni kwa majivuno. "Hata kuzisikiliza sikuzisikiliza, nisije nikazipinda. Humo mna wazee watupu."

Chuki ya Yunusi aliielewa vizuri sana. Tangu baba yake Sabra, Mzee Salum, afariki, Yunusi habanduki kwenye shamba la marehemu. Mara anapalilia, mara anachuma karafuu, mara yuko juu ya paa la nyumba anapigilia bati. Na nyumba hiyo ni ya mama yake Sabra, Bi Mosi, aliyeolewa hapo kutoka Gairo na sasa ni mjane anayeishi peke yake. Sabra alipomuuliza, mama alisema, "Muache kaka yako, hajanikosea." Maskini, anaogopa kusema! Basi leo mwizi huyo ataumbuka hadharani.

"Tunaanza na shamba la baba yangu," Sabra alitangaza.

Yunusi akabadilika sura. "Anza na langu."

"Umeanza kutetemeka?"

"Sabra, nakuomba. Anza na langu. Mkitaka ligaweni lote, sitasema kitu."

"Kaa chini, mwizi we!"

Mzee Twalibu, mwenyekiti wa kijiji, alikohoa. "Binti yangu, mambo mengine huachwa yalivyo."

"Umri wako nauheshimu, mzee, lakini mila haifichwi," Sabra alimkata kauli. "Au mliapa kwa mzaha?"

Migambo wawili wakamkaba Yunusi na kumpokonya waya. Alipigana kweli kweli, shati likachanika, mpaka wakamkalisha sakafuni. Sabra aliuchomeka waya bila kumtazama. Alitaja shamba la Mzee Salum, akaongeza sauti ili hata mama yake, aliyekaa nyuma karibu na mlango, asikie vizuri.

Mtambo ukasema kwa Kiswahili safi:

"Ardhi ya ukoo hufuata tumbo la mama. Mwanamume hairithishi kwa wanawe, hurithiwa na watoto wa dada yake. Shamba hili na nyumba iliyomo ni mali ya Yunusi na ndugu zake tangu siku Salum alipozikwa. Mjane si wa ukoo. Eda ikiisha, hurudi kwao."

Mgeni mmoja wa chuo akapiga makofi. Hakuna aliyemfuata.

"Basi atoke!" ndugu mmoja wa Yunusi alisimama akipiga kelele. "Yunusi kila siku anatuziba midomo, subirini, subirini! Sasa tusubiri nini? Si tuliapa?"

"Tuliapa!" wakaitikia wengine.

Sabra aliurukia waya, akauchomoa kwa mikono miwili. Picha ikapotea tena. Kelele hazikupungua.

Kule mlangoni Bi Mosi alikuwa ameshasimama, anajifunga kanga yake vizuri. Alipita katikati ya watu, akampita binti yake bila kumtazama, akainama pale sakafuni.

"Yunusi, mwanangu," alisema, "magari ya Gairo huondoka saa ngapi?"