Chui Zizini kwa Dolkar

"Mbuzi wangu wamelala kwako kwa zamu yako, Dolkar, na wameliwa wote! Halafu mgeni wako anapiga picha!" Jirani alisimama juu ya ukuta wa zizi, jiwe mikononi.

Chini, chui wa theluji alijibanza pembeni, damu imemganda masharubuni. Shibe ilimzidi, ukuta haurukiki.

Dolkar alimtazama mgeni wake. Wageni wote wanaokuja kumpiga picha chui hufikia kwake, hulipa kwake. Chui akifa, hawarudi. Na jirani hajawahi kuambulia kitu.

"Mgeni," Dolkar alisema, "hamisha mizigo. Kuanzia leo unalala kwa huyu dada jirani yangu, na unamlipa yeye."

Jirani alimkazia macho. Kisha akatua jiwe, akateremsha gogo zizini, chui apandie.

"Nawe wa kamera," jirani alisema, "acha kumkodolea, atoke. Njoo kwangu ule supu ya thukpa ingali moto."